Mwaka Niliojibu Hajambo

Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Kibanda changu kiko Mkolani, na siku hizi wanaoleta redio ni wachache kuliko wanaochungulia dirishani kuuliza kama nauza vocha. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nina kazi kubwa ya kompyuta. Kompyuta ninayo, ya kukunja, bawaba yake moja ilishakufa na kioo kinaegemea kitabu cha nyimbo za kanisani kisianguke. Kwenye kompyuta hiyo nafanya kitu ambacho ndugu zangu wanakiita mchezo wa watoto: nachukua gemu la zamani, la enzi za kaseti za plastiki na televisheni zenye chogo, nalifumua, nabadilisha kilichomo, kisha nalishona upya.

Nimeshinda miaka kadhaa na gemu moja tu. Ni la msafiri anayezunguka vijiji akiulizia jiwe lililoibwa. Lilipotoka kwa wenyewe lilikuwa na ngome, theluji na bahari. Mimi nikageuza ngome kuwa nyumba za bati, theluji nikaiondoa nikaweka mawe kama yetu ya Mwanza, yale yaliyokaliana mabegani bila kuanguka, na bahari ikawa ziwa. Meli ikawa kivuko. Gemu lile lina rangi kumi na sita, huwezi kuongeza ya kumi na saba hata uombe kwa kufunga, kwa hiyo kila kitu kinagombania rangi na kingine. Ukitaka embe liwe la njano, jua la jioni nalo linabadilika. Mtu asiyeipenda kazi hii hawezi kuelewa raha iliyomo, nami nimeacha kumweleza mtu.

Wenye ugonjwa huu hatuko wengi. Mwanza nzima sijawahi kukutana na hata mmoja. Tunakutana kwenye mtandao usio na mwenyewe, kwa maana kwamba hakuna kampuni moja inayoushika wote: anayeweza anawasha seva yake, anapokea wapangaji, na seva zinapelekeana barua. Mimi nilikuwa mpangaji kwenye seva ndogo ya bwana mmoja wa nchi ya baridi, aliyeiweka nyumbani kwake pembeni ya mashine ya kufulia. Akifua nguo nyingi, seva inakuwa nzito, anatuomba radhi. Mazungumzo yetu yalikuwa ya kawaida kabisa. Mmoja anaonyesha picha ya kaseti iliyooza miguu yake ya kuchomekea, mwingine anauliza kwa nini msafiri wake anatembea kinyumenyume, wa tatu anasema kwao mvua inanyesha. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kama amekula.

Huko ndiko nilikomkuta yule mama wa ramani. Alikuwa mchoraji wa ramani mstaafu, mjane, anaishi na paka. Katika sisi wote hakuna aliyechora ardhi ya gemu vizuri kama yeye. Nilikuwa nimekwama kwenye ukingo wa ziwa langu, maji yanakatika kama yamepigwa panga, nikamwandikia kwa Kiingereza changu cha shule: ukingo wangu unakatika, unafanyaje wewe. Basi. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni anachambua dagaa, akaniuliza namwandikia nani. Nikamweleza.

"Umemsarimia?" akauliza.

"Mama, huku hakuna kusalimiana. Mtu anauliza shida yake, anajibiwa, anaondoka."

"Kwani huyo ni mtu au ni ukuta?"

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na bado nilikuwa nagombezwa kwa kutosalimia. Nikaandika ujumbe wa pili: habari za asubuhi, umeamkaje, nyumbani hawajambo, samahani kwa kukuvamia. Niliandika kwa Kiswahili kwanza halafu tafsiri chini yake, nusu kwa utiifu na nusu kwa kumwonyesha mama kwamba nitachekwa.

Sikuchekwa. Yule mama alijibu swali moja moja, kwa mpangilio, kama mtu anayejaza fomu. Ameamka vizuri ila goti linauma. Nyumbani yuko yeye na paka, paka hajambo. Ukingo wa ziwa atanionyesha. Halafu akauliza: na kwako wewe, nani yuko nyumbani? Nikamwambia niko na mama. Mke wangu alikuwa amesharudi kwao zamani, hilo sikumwambia.

Tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda, nilikuta maneno yale yale yananisubiri, kwa Kiswahili alichokariri: "Habari za asubuhi. Umeamkaje? Mama hajambo?" Najibu mama hajambo, anakusalimia. Ndipo tunaingia kwenye kazi. Mama naye akawa ananiuliza kila nikifunga kompyuta, yule mwenzetu kaamkaje. Nilimtafsiria kila kitu kwa Kisukuma. Alitaka kujua paka anakula nini, na alipoambiwa kwamba paka ana chakula chake cha kopo, cha kununua dukani, aliendelea kuchambua dagaa wake. Baadaye alisema mtu kuishi na paka peke yake si maisha, na akaniagiza nimwambie yule mama aje. Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba anasalimiwa, na hiyo ilikuwa kweli kila siku kwa miaka mitatu.

Mama aliugua presha, halafu figo, halafu vyote kwa pamoja. Alikaa hospitali wiki mbili, akafa alfajiri moja ya masika wakati nimetoka nje kumtafutia uji. Tulimvusha kwa kivuko cha Kamanga kumpeleka kwao Sengerema, jeneza limefunikwa kanga na turubai kwa sababu ya mvua, na watu waliokuwa ndani ya kivuko, ambao hata hatujuani, wakasimama mpaka tukafika ng'ambo. Nilikaa msibani mpaka tukaanua matanga. Ndugu zangu wakarudi Dar na Kahama. Mimi nikarudi Mkolani kwenye nyumba yenye ungo wa dagaa ukutani na hakuna mtu.

Asubuhi ya kwanza nikawasha kompyuta. Kulikuwa na jumbe nyingi za yule mama. Ya mwisho ilisema: "Habari za asubuhi. Kimya chako kirefu. Mama hajambo?"

Nikaandika: "Hajambo. Nilikuwa na safari."

Nataka niwe mkweli hapa kwa sababu kule sikuwa. Kwetu mtu akikusalimia unajibu kwanza kwa wema, hata kama una maiti ndani. Unasema salama, unakohoa kidogo, ndipo unashusha mzigo: salama, lakini tumepatwa na msiba. Kila aliyekulia huku anaijua njia hiyo. Mimi nilijibu ule wema wa kwanza, nikakohoa, na vidole vikagoma kwenda mbele. Nikatuma hivyo hivyo. Nilijiambia kesho nitamalizia.

Kesho yake akauliza tena. Nikajibu tena. Keshokutwa nikaona aibu kwamba siku mbili nimeshadanganya, nikaahirisha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua mwaka mzima na kipande.

Mwanzoni ilikuwa neno hilo moja. Kisha akauliza mama amepika nini leo, kwa sababu zamani nilikuwa namweleza vyakula vyetu naye alipenda kuvisikia. Niliandika: michembe. Halafu nikaona vibaya kukaa na uongo mkavu namna ile, nikatoka nikaenda gulioni kununua michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, nikarudi nikaichemsha na karanga kama mama alivyofanya, nikaila peke yangu saa nne asubuhi, kibanda kimefungwa. Ukawa ndio utaratibu. Nikiandika mlenda, napika mlenda. Nikiandika sato, nakaanga sato. Nilipika mwaka ule kuliko maisha yangu yote, na mboga zangu hazikuwa mbaya, ila nilikuwa naweka sahani mbili bila kukusudia, halafu nairudisha moja kabatini.

Nimejiuliza kwa nini. Sikuwa nimerukwa na akili, nilijua kaburi liko wapi na nani aliyechimba. Ni kwamba duniani kote alikuwa amebaki mtu mmoja tu anayeniuliza habari za mama yangu. Dada yangu akipiga simu anaongelea kujengea kaburi na shamba lilimwe na nani. Majirani walinipa pole siku arobaini, wakachoka, na siwalaumu, nao wana ya kwao. Huko tu, kwenye seva iliyokaa pembeni ya mashine ya kufulia, kila asubuhi mama alikuwa anaulizwa kama hajambo. Nilijua nikisema ukweli, swali litakufa siku hiyo hiyo. Nililionea uchungu swali lile kuliko kitu chochote nilicho nacho.

Uongo huo ulinifanya mkali. Siku moja aliniandikia amesoma kwamba Kigongo sasa pana daraja mpaka Busisi, magari yanapita moja kwa moja, je, tuondoe kivuko kwenye ziwa letu aweke daraja? Lilikuwa swali la ramani tu. Nilimjibu kwa maneno mabaya. Nikamwambia asinifundishe ziwa nililozaliwa kandokando yake, kivuko kitabaki, na asiyekitaka akachore kwao. Alikaa siku nzima bila kujibu. Asubuhi iliyofuata ikaja: "Habari za asubuhi. Umeamkaje? Mama hajambo? Kivuko kitabaki." Niliona haya mpaka nikashindwa kunywa chai.

Halafu mwenye seva akatoa tangazo. Amechoka, nyumba anauza, anahamia kwa binti yake, mwisho wa mwezi saa sita mchana kwa saa zetu atazima. Akatuelekeza jinsi ya kuhama: unafungua akaunti kwenye seva nyingine, unaacha alama mlangoni ili wanaokufuata wakufuate huko. Akaonya jambo moja. Watu wanahama, mazungumzo hayahami. Anayetaka kumbukumbu apakue maandishi yake mwenyewe, maana ya wengine hayatakuja.

Nikapakua yangu. Nilidhani nitapata ile miaka yote ya maongezi, nikapata upande wangu tu. Maswali yake hayakuwemo. Nikateremka kwenye faili mpaka mwezi ule wa msiba, nikaendelea kusoma. Hajambo. Hajambo, anakusalimia. Hajambo, leo kapika mlenda. Hajambo. Hajambo. Kurasa kwa kurasa, mtu mmoja anajibu na hakuna anayeuliza. Nilifunga kompyuta nikaenda kukaa nje. Nilikuwa nimejiambia kwamba seva ikizimwa uongo wangu nao utazimika, hakuna atakayejua. Sasa niliona kwamba nikihama bila kusema, nitaanza ukurasa wa kwanza wa faili lingine la namna ile.

Siku hiyo hiyo yule mama akaniandikia kwa furaha. Kabla hatujahama anataka kumaliza zawadi. Amechora nyumba ndogo juu ya ukingo wa ziwa, na nje yake amemweka mama yangu, amekaa na ungo. "Niambie huwa anavaa rangi gani," akaandika, "nisije nikamvisha nguo isiyo yake."

Nilikaa na swali hilo siku tatu. Kwenye kibanda nilikosea nyaya nikaunguza redio ya mtu, ikabidi nimtafutie nyingine. Jirani yangu pale ni mama anayekaanga samaki na kuuza chai. Aliniona nimeshika bisibisi bila kufanya kitu.

"Wewe unaumwa," akasema.

"Siumwi." Halafu nikamuuliza. "Hivi mtu wa mbali akikuuliza habari za marehemu wako, hajui kama kafa, unamjibuje?"

"Namwambia."

"Na kama umeshamficha muda mrefu?"

Aligeuza samaki wake wote kwanza, mmoja baada ya mwingine. "Muda mrefu ndio mbaya zaidi," akasema. "Unamwacha mwenzio anasalimia kaburi. Msiba ni wa watu, baba. Na yeye ungempa sehemu yake." Akanimiminia chai bila kuniuliza kama naitaka.

Mwisho wa mwezi ukafika. Niliamka mapema, nikaoga, nikavaa shati safi kama naenda mahali. Salamu yake ilikuwa imeshafika, na mama aliulizwa kama hajambo, kama kawaida. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Nilitaka kwanza nimweleze mila zetu za kujibu salamu, nikaona natafuta pa kujificha. Mwishowe niliandika hivi: Mama alivaa kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Alifariki masika ya mwaka jana. Siku ile niliyokwambia nilikuwa na safari, nilikuwa nimetoka kumzika. Vyakula vyote nilivyokuandikia baada ya hapo nilipika mimi. Salamu zake ulizopokea tangu hapo zilikuwa zangu. Nisamehe. Nikaweka chini anwani yangu mpya, nikatuma. Ilikuwa saa tano na nusu.

Nikakaa kuangalia. Watu walikuwa wanaagana, wanabandika picha za kaseti zao za kwanza, wanamshukuru mwenye nyumba. Yule mama wa ramani hakuonekana. Saa sita ilipofika ukurasa ukagoma kufunguka, nikaujaribu tena, nikaujaribu tena, ukaniambia anwani hiyo haipo. Sikujua kama alisoma. Nikaenda kufungua kibanda.

Siku ya kwanza kwenye seva mpya hakukuwa na kitu. Siku ya pili hivyo hivyo. Pale sikuwa najulikana na mtu, nilikuwa nasoma watu wakiongea kama unavyosikia harusi ya jirani. Usiniulize nilikula nini siku hizo, maana kwa mara ya kwanza sikuwa na wa kumwandikia, kwa hiyo sikupika. Nilifikiri amekasirika, na haki ilikuwa yake. Nilifikiri pia kwamba huenda ujumbe ulizimwa njiani, na fikra hiyo ilinipa faraja ambayo sijivunii.

Asubuhi ya nne ukaja ujumbe wake. Ulikuwa mrefu kuliko alivyozoea. "Habari za asubuhi. Umeamkaje?" Goti linamsumbua kwa sababu ya baridi. Paka hajambo, amepata mdudu wa sikio ila ametibiwa. Ukingo wa kaskazini wa ziwa ameurekebisha, maji hayakatiki tena. Nyumba imekamilika, ameniambatishia. Kuhusu kitenge, rangi zetu kumi na sita zote zilikuwa zimeisha, bluu iliyobaki ni ile ya ziwa, kwa hiyo ameitumia hiyo, na kwenye maua ameweka njano ya maembe. Anatumaini inafanana. Kivuko hakukigusa. Akauliza kama wiki hii nitaweza kuanza kijiji cha Busisi.

Nilisoma mpaka mwisho. Nikarudi juu, kwenye salamu, nikasoma polepole, labda nimeruka mstari. Nikateremka tena. Hakuuliza kama mama hajambo.

Basi ujumbe aliupata wote, na swali lilikuwa limekufa. Nililia pale mezani kwa sauti, kilio ambacho makaburini na kwenye kivuko kilinikataa, mbele ya mapadri na ndugu na wale watu wa kivukoni waliosimama. Jirani wa ukuta wa pili aligonga akauliza kuna nini, nikamwambia mama amefariki. Naye alikuwepo msibani mwaka jana. Hata hivyo akasema pole, akarudi kwake.

Nilipotulia nikaanza kuandika jibu. Niliandika kwamba nilikuwa natania, mama hajambo, yuko nje anaota jua na anakusalimia sana. Nikaiangalia sentensi hiyo kwa muda mrefu. Nikaifuta herufi moja moja, nikamwandikia kwamba nimeamka salama, na kwamba Busisi tunaweza kuanza Jumatatu.